Nimeeleza Maana ya Congo, Nikawazika Wakwe Wazima

Jamani, leo mchana nimejivua nguo mbele ya wakwe, na hakuna aliyenisukuma. Naandika haya nikiwa nyuma ya nyumba ya kaka yangu, hapa mtaa wa Bungulu, karibu na jiko. Simu ina chaji kidogo. Kila anayekuja kuchukua sahani ananitazama, anajiziba mdomo, halafu anaenda kucheka mbele ya nyumba. Kabla hawajawafikia na simulizi yao, bora muisikie kwangu.

Masika, binti wa kaka yangu Paluku, anaposwa. Mchumba wake anaitwa Nlandu, ni agronome, mtaalamu wa kilimo, anazunguka kwenye mashamba ya kakao hapa Beni. Kijana mpole. Kiswahili chetu amekijua mpaka anabishana na mama wauza ndizi na anashinda. Leo wazee wake wameshuka na ndege kutoka Kinshasa kuja kuomba msichana rasmi. Kwetu baba wa msichana hafungui kinywa siku hiyo. Anakaa tu kwenye kiti chake, amenyamaza, na anayesema ni msemaji wa familia. Msemaji nilikuwa mimi, Kambale, muuza betri na chaja za simu, Butembo. (Sijawahi kuombwa kusema mahali nikakataa. Hilo ndilo tatizo lenyewe.)

Nilifika kutoka Butembo mapema, nimevaa koti jeusi na tai nyekundu. Masika akanivuta pembeni kabla hata sijaketi.

"Baba mudogo, nakuomba. Leo hapana kusema mingi."

"Juu ya nini?"

"Bazee ya Nlandu hapana kusikilizana. Kuko mama yake mukubwa, Mama Nzuzi, ye hapana kutaka mutoto aoe huku mbali. Anatafuta sababu tu. Baba mudogo, hapana kumupatia sababu!"

"Masika, mi njo baba yako mudogo. Uko na wasiwasi ya nini?"

"We njo wasiwasi."

(Heshima ya watoto wa siku hizi, mnaiona!)

Nilimwambia atulie. Kichwani nilikuwa na mpango mzito. Mnajua kwetu wakwe hawapewi viti bure. Msemaji anawasumbua kidogo mlangoni, anawauliza swali, wakishindwa wanatozwa amande, yaani faini, watu wanacheka, ndipo wanaingia. Wasemaji wengine wanauliza mambo yale yale: mnatafuta nini, ua gani mmeona, kisima gani mmesikia. Mimi nilitaka swali la mtu aliyesoma. Nilitaka watu wa Beni waseme kwamba Butembo kuna vichwa.

Basi wiki nzima pale dukani nilikuwa natazama video za maana ya jina la nchi yetu. Mjue mimi na Paluku tulizaliwa Zaïre, Masika akazaliwa Congo, na wote tumezaliwa katika nyumba moja ambayo haijahama hata hatua moja. Mtu akikaa kwenye nchi ya namna hiyo ana haki ya kuuliza jina linatoka wapi. Video zikanijibu: lilitoka kwa ufalme wa zamani, kule mto unakoingia baharini, ufalme wa Kongo. Hapo zote zinakubaliana. Ukiuliza neno lenyewe lina maana gani, kila video ina lake. Moja inasema ni mkusanyiko wa watu. Nyingine inasema milima. Nyingine inasema wawindaji.

Nikachagua wawindaji. Si kwamba nilikuwa na ushahidi. Hotuba yangu ilikuwa inaanza na maneno "ninyi wawindaji mmekuja kuwinda swala wetu," na milima ingeniharibia hotuba.

Wakwe wakafika. Magari mawili, jipu zote, vumbi, watu watano. Sasa huku kwetu mtu yeyote anayetoka upande wa magharibi na anayesema Lingala tunamwita Mulingala, basi, hatuulizi zaidi. Nikaona niwaheshimu kwa kuwasalimia kwa lugha yao. Shida ni kwamba Lingala yangu yote nimejifunza kwenye bariere, vizuizi vya barabarani, kwa askari. Sikuwahi kufundishwa na mtu mwingine. Nikasogea kwenye dirisha la jipu ya kwanza, nikatabasamu, nikasema kwa sauti kubwa:

"Bokita! Bouti wapi? Bozokende wapi?"

Yaani: shukeni, mnatoka wapi, mnakwenda wapi.

Walishuka haraka sana. Mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, alifungua mkoba, akatoa karte ya uchaguzi, kitambulisho chetu, akanipa. Mzee mfupi mwenye kofia akainua mikono kidogo, akasema kwa upole, "Chef, tika biso toleka." Chef, tuache tupite.

Nlandu alikuja mbio. "Hapana, hapana! Huyu njo msemaji! Njo baba mudogo ya Masika!"

Huyo mama mwenye karte ndiye alikuwa Mama Nzuzi. Mzee mwenye kofia alikuwa Tata Nsimba, pacha wake, mjomba wa Nlandu, ndiye aliyeongoza ujumbe. Baba mzazi wa Nlandu alikuwa nyuma kabisa amebeba paketi ya sucré, yaani soda. Nilishangaa: posa gani hii, mjomba mbele, baba nyuma? Mtu mwenye akili angeuliza hawa ni watu gani wanaofanya hivyo. Mimi nilirudisha karte na nikasema, "Karibuni," kwa sauti ya mtu ambaye hajafanya kosa.

Mlangoni nikawasimamisha. Uani watu walikuwa wamejaa, ndugu, majirani, mama wa kanisa. Paluku kwenye kiti chake, kimya. Masika nyuma ya pazia la chumba, naona vidole vyake tu vimeshika kitambaa.

"Wakwe! Kabla ya kuingia, muko na swali moya. Sisi bote tuko batoto ya inchi moya. Inaitwa Congo. Basi, muniambie: Congo, maana yake njo nini?"

Watu wa uani wakasema "Eeeh!" kwa heshima. Nilijisikia vizuri sana. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa mwisho wa kujisikia vizuri leo.

Nlandu akatafsiri kwa wazee wake. Wale watano wakatazamana. Mama Nzuzi akacheka kidogo kwa pua. Tata Nsimba akavua kofia, akaanza kusema, na akasema kwa muda mrefu, mara anamwonyesha Mama Nzuzi, mara Mama Nzuzi anamkata, mara baba wa Nlandu naye anachomeka neno kutoka nyuma. Ilikuwa karibu ugomvi.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema..." Nlandu akapangusa paji la uso. "Anasema bazee babo hapana kusikilizana. Bamoya banasema hivi, bengine hivi. Ye anasema hapana kujua vizuri."

"Hapana kujua!" Nikageukia uani. "Mumesikia? Banatoka kapitale, na hapana kujua! Amande! Mbuzi mbili!"

Vigelegele. Pazia likatikisika. Nikasikia Masika anasema polepole, "Baba mudogo, inatosha." Nami nikafikiri anaona haya kwa sababu wakwe wameshindwa.

Nikaingia kwenye hotuba. Ndugu zangu, nilisema! Nilisema Congo ni wawindaji. Nilisema palikuwa na mfalme, na mishale, na wazungu wakafika na meli. Koo likapata moto. Nilipofika kwenye mwisho wa ufalme nikaona hadithi inahitaji mwisho wa kuuma, na video haikuwa nao. Nikautengeneza palepale, mimi mwenyewe.

"Na hao batu ya zamani, hao Bakongo," nikasema, sauti ikishuka, "balienda wapi? Balishaisha! Balichukuliwa utumwa, balikufa na magonjwa, balikufa na vita. Leo hapana kubakia hata mumoya. Balituachia jina tu! Sisi batoto ya hii inchi tunavaa jina ya marehemu. Mesdames et messieurs, nabaomba, tusimame. Minute de silence, dakika moya ya kimya, juu ya Bakongo!"

Uani wote ukasimama. Paluku akasimama. Mama wa kanisa wakafanya ishara ya msalaba. Na wale wakwe watano, ambao walikuwa tayari wamesimama kwa sababu sikuwa nimewapa viti, wakainamisha vichwa. Tata Nsimba akaweka kofia kifuani. Baba wa Nlandu akateremsha sucré chini taratibu. Niliona mabega ya Mama Nzuzi yanatikisika, nikajisemea, tazama, nimemgusa moyo yule mkali.

Dakika ile ilikuwa ndefu. Kuku alipita. Nlandu alikuwa amefumba macho kabisa, midomo inatembea, nafikiri alikuwa anasali.

"Aksanti, mukae," nikasema.

Watu wangu wakakaa. Tata Nsimba hakuenda popote. Akavaa kofia, akasema maneno mengi, polepole, akinitazama mimi tu.

"Anasema nini?"

"Anasema..." Nlandu akakohoa. "Anasema merci."

"Maneno yote ile ni merci?"

Hapo pazia likafunguka. Masika akatoka. Msichana anayeposwa hatoki mpaka aitwe, wote tunajua. Alitoka hivyo hivyo, machozi yameshaharibu poda.

"Baba mudogo! Bale njo Bakongo!"

"Bale nani?"

"Bale! Bote! Nlandu ni Mukongo, mama yake ni Mukongo, mujomba yake ni Mukongo! Umesimamisha batu balilie kifo yabo benyewe!"

Mama wa kanisa wakafanya ishara ya msalaba tena.

Sasa nijitetee kidogo. Nlandu aliwahi kuniambia kwao ni Kongo-Central. Nilisikia vizuri. Lakini nilidhani ni jina la provensi, la jimbo tu, kama sisi tulivyo Nord-Kivu. Je, Nord-Kivu kuna watu wanaoitwa Bakivu? Hakuna! Basi ningejuaje kwamba kule wenzetu wapo kweli, wanakula, wanapanda ndege? (Nimewaeleza hoja hii watu wengi tangu mchana. Hakuna aliyeikubali.)

Tata Nsimba akawaashiria wenzake. Wakatoka wote watano wakaelekea kwenye jipu. Mlango wa jipu moja ukafunguliwa. Mama Nzuzi akaingia, akakaa, akafunga mlango.

Masika hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia. Aliniangalia tu, akasema, "Nilikuomba kitu kimoya." Kisha akakaa chini kwenye kizingiti, na nguo yake mpya ya kitenge, kwenye vumbi. Roho iliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Nikamtazama Paluku anisaidie. Paluku alikuwa kimya kwa desturi, lakini macho yake hayakuwa na desturi yoyote.

Nikaenda kwenye jipu. Nilipiga magoti kwenye mawe, na koti, na tai.

"Wakwe, munisamehe. Mi njo mujinga. Masika hapana kosa. Ye ni mutoto ya muzuri, anajua kazi, anajua kuheshimu. Mukasirikie mimi, hapana yeye."

Nlandu akatafsiri. Safari hii alitafsiri yote, hata neno mjinga. Nafikiri hilo alilitafsiri mara mbili.

Tata Nsimba akanijibu, na Nlandu akasema sentensi baada ya sentensi, bila kupunguza.

"Anasema: umeuliza maana ya Kongo. Anasema hiyo jina balipewa na batu balikufa bila kubaelezea. Tangu siku ile banabishana. Baba yake alikufa akibishana. Anasema Mukongo akiacha kubishana juu ya hiyo jina, njo utajua kama amekufa. Na sasa umekuya wewe, muuza betri, umemaliza mabishano mu dakika moya."

"Nisamehe, Tata."

"Anasema hapana kusamehe bure. Anasema kwabo, mutu akitangaza kifo bila kutumwa na familia, matanga ni yake. Anatoa mbuzi ya kulisha batu. Ye mwenyewe njo anakaa chini kwenye mukeka. Ye mwenyewe njo analia wa kwanza."

(Nlandu ameniapia baadaye kwamba tangu azaliwe hajasikia desturi hiyo.)

"Nitalia," nikasema.

"Anasema: sasa."

Ndugu zangu. Wakatandika mkeka katikati ya uwanja. Wakanivua viatu. Wakwe watano, ambao mpaka dakika hiyo hawakuwa wamepewa hata kigoda, wakaletewa viti vizuri na sucré baridi, wakakaa mstari mmoja kunitazama. Nikaanza kulia taratibu, kwa heshima.

"Anasema hapana kusikia," Nlandu akasema.

Nikapandisha. "Woyo, Bakongo! Bakongo woyo! Mulienda wapi!"

"Anasema kulikuwa batu mingi. Majina."

"Sijue majina yabo!"

Basi wakanifundisha. Tata Nsimba anataja jina la mzee fulani wa kwao, mimi naliita kwa kilio. Anataja lingine, naliita. Niliwalilia mababu wa watu, na mashangazi, na katekista mmoja ambaye, nilikuja kujua, yuko hai na ana duka la mikate. Kila baada ya jina, mkwe mmoja anainuka, anakuja kunishika bega na kuniambia, "Du courage, papa." Baba wa Nlandu alinipa leso. Watu wetu wa uani walikuwa wamelala juu ya wenzao kwa kucheka. Hata mama wa kanisa!

Sasa, hapa Beni mtu akisikia kilio hasubiri kuitwa. Tumezoea vibaya. Jirani mmoja, mama mzee wa nyumba ya pili, akaingia mbio amejifunga kitenge kiunoni, mikono kichwani, tayari analia. Akanikuta kwenye mkeka, akajitupa karibu yangu.

"Yeeee! Kambale! Nani?"

Nilikuwa na kwikwi za kweli sasa, kwa aibu. Basi Paluku, aliyetakiwa kunyamaza mpaka mwisho, akafungua kinywa.

"Bakongo," akasema. "Bote."

Mama yule akaangalia wageni waliokaa mstari na chupa mikononi. "Na hawa je?"

"Hawa njo benyewe."

Hapo ndipo Mama Nzuzi alipovunjika. Alicheka mpaka kitambaa cha bluu kikaanguka, mpaka akashikwa na watu wawili, mpaka akaomba maji akashindwa kuyanywa. Alipopata pumzi akasimama, akavuka uwanja, akanipita mimi na marehemu wangu wote, akaenda kwenye kizingiti alipokuwa Masika. Akamwinua. Akampangusa vumbi kwenye kitenge kwa mkono wake. Akasema maneno machache, na Nlandu aliyatafsiri akiwa analia naye:

"Anasema alikuya kutafuta sababu ya kukatala. Anasema anarudia Kinshasa bila sababu. Batu banaoweza kukulilia hivi na hapana kukujua, anasema, huko mutoto yake hatakosa batu."

Vigelegele vikapasua anga la Bungulu. Masika alimkumbatia Mama Nzuzi, akamkumbatia Nlandu (kinyume na desturi zote, lakini leo desturi zilikuwa zimeshachoka). Akaja mpaka kwenye mkeka. Nilidhani atanitukana.

"Baba mudogo," akasema, "aksanti. Sasa nyamaza."

Mbuzi wawili wamechinjwa, nami ndiye niliyewatoa. Posa imekubaliwa. Tata Nsimba na Mama Nzuzi sasa hivi wako mezani wanabishana tena juu ya lile jina, mzee anasema mkusanyiko, mama anasema wawindaji, baba wa Nlandu ana la kwake, na watu wetu wameshaanza kuchagua upande. Wamenitumia ujumbe kuuliza naonaje. Nimejibu kwamba sina maoni.

Basi na ninyi mnaosoma, ninawaomba mtu asicheke. Na akishindwa kabisa, acheke polepole, maana sisi wengine bado tuko matanga.